Menyu Ilipotoroka, Mkwe Akiwa Nje

Marehemu mume wangu aliacha kompyuta ya zamani yenye mfumo wa Linux, na ndani yake aliacha sauti yangu nikikoroma. Aliirekodi mwenyewe, huku akinicheka, kwa sababu miaka yote nilikataa kwamba nakoroma. Halafu akaificha ili nisiifute. Ukifungua mafaili huioni, mpaka uende juu kwenye menyu, ubonyeze neno Tazama, uchague vilivyofichwa vionekane. Siku moja alinionyesha njia hiyo, akijivuna. Kompyuta aliiweka kwa Kiswahili kwa ajili yangu, maana mimi niliishia darasa la saba.

Amekufa, na zaidi ya anavyosikika humo akinicheka, hatuna rekodi nyingine ya sauti yake.

Alikuwa amesema kompyuta iende kwa mume wa binti yetu, anayefanya kazi ya kutoa mizigo mpakani Sirari, mkabala na Isebania ya Kenya. Siku mkwe alipokuja kijijini kwetu Nyambureti kuichukua, nilitaka kwanza niitoe ile sauti, niiweke kwenye flashi, niwe naisikiliza redioni. Nikafungua mafaili. Menyu hakuna. Faili, Hariri, Tazama, yote yametoweka, juu pamebaki patupu.

Mkwe alikuwa hapo nje, kwenye benchi la jikoni. Lakini kompyuta ilikuwa chumbani kwangu, betri yake imekufa, na waya wa sola haufiki hata mlangoni. Kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Nadhani hata nyumba ikiungua angeomba ruhusa kwanza. Na kumwachia aende nayo akaitafute sauti huko Sirari niliona aibu. Mkwe asikie ninavyokoroma?

Tuliokolewa na bibi, mama mzazi wa marehemu mume wangu. Bibi na mume wa mjukuu wake ni watani, hawana mipaka. Akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

“Mume wangu,” akamwita mkwe, “huyu anasema menyu imetoroka.”

“Haiwezi kutoroka, bibi. Aangalie juu kabisa.”

“Ameangalia. Sasa anaangalia bati.”

“Kabla haijapotea, Mama alifanya nini?”

Bibi akanigeukia. Nikasema ukweli: niliipangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, ikiwa inawaka.

“Ameiogesha!” bibi akapaza sauti. “Hata mimi haniogeshi hivyo.”

Mkwe akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayemeza kicheko ukweni. “Basi kitambaa kilibonyeza vitufe viwili pamoja. Ashike kitufe kilichoandikwa Ctrl, chini pembeni kushoto, asikiachie, kisha abonyeze M.”

“Shika cha pembeni kama unavyoshika chuchu ya ng'ombe,” bibi akaniambia, “halafu M.”

“Sikusema hivyo, bibi!”

“Nyamaza, mume wangu. Natafsiri.”

Nikashika, nikabonyeza. Menyu ikarudi yote. Nikafika kwenye neno Tazama nikasita kidogo, maana mara ya mwisho aliyekwenda hapo alikuwa marehemu, nami nimesimama nyuma yake nikimnunia.

Folda iliyofichwa ikatokea, nikaifungua, nikabonyeza rekodi. Sikujua kwamba sauti ilikuwa imepandishwa mpaka mwisho. Kukoroma kwangu kukatoka chumbani kukafika zizini. Kisha yeye, kwa ile sauti yake ya taratibu: “Sikilizeni lori la Isebania. Limebeba saruji, linapanda mlima.” Akacheka, rekodi ikakatika.

Huko nje hakuna aliyekohoa. Bibi aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda changu.

“Rudisha,” akasema. “Lori nimelisikia. Mwanangu sijamsikia vizuri.”

Nikarudisha, nikapunguza sauti. Akasikiliza ameinama. Nilipokwisha kunakili kwenye flashi, mkwe akauliza kwa upole, akipitia kwa bibi kama inavyotakiwa: “Na ile iliyobaki humo ndani, Mama ataifuta? Akitaka, nasogea barabarani nisisikie.”

Nilifikiri. Flashi hudondoka, watoto huitafuna, redio huiharibu.

“Mwambie aiache ibaki,” nikasema. “Amsikilizishe na mke wake.”

“Anasema isifutwe,” bibi akamwambia, “na mgeni asiisikie.”

Hilo la mgeni sikulisema, lakini sikulikanusha. Nikachomoa waya. Bibi akaifunga kompyuta kwenye kitenge chake, akaibeba mwenyewe mpaka kwenye benchi.

“Pikipiki usiikimbize, mume wangu,” akasema. “Umembeba baba mkwe wako.”