Tundu la Chini ya Taa

Beseni hakuzaliwa na jina hilo, lakini mtu angefika kwenye uwanja wa gereji akaulizia jina alilopewa na wazazi wake, angezungushwa mpaka achoke. Angeonyeshwa fundi rangi, fundi viti, fundi umeme, na mwishowe mmoja angesema, "Labda unamtaka Beseni, yule wa taa." Hapo angeelekezwa kwenye banda la bati la mwisho, mkabala na bomba la maji. Ndani yake alikaa mwanamume wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, miwani yake imeshikizwa sikioni kwa uzi, amejiegemeza kwenye kiti cha gari ambacho gari lake lilishakufa zamani.

Kazi yake ilikuwa taa za nyuma tu. Za mbele aliwaachia wengine. Watu waliogonga ukuta wakirudi nyuma, waliogongwa kwenye foleni, waliosahau kwamba geti halijafunguka, wote walimletea taa zilizopasuka, naye hakuzitupa. Alikuwa na makopo matatu ya maziwa ya unga: moja la vipande vyekundu, moja la vya rangi ya chungwa, moja la vyeupe. Alichagua kipande kinachofanana rangi na kioo cha mteja, akakiyeyusha kwa ncha ya chuma cha kulehemu, akakijaza kwenye ufa tone kwa tone. Kisha akapiga msasa wa maji, akamalizia kwa kitambaa na dawa ya meno. Ufa ulibaki kama kovu la zamani, unaliona ukishaambiwa lilipo.

Jina alilipata kwa namna alivyopima kazi yake. Taa ikishakauka gundi, aliziba mashimo ya balbu kwa vipande vya mpira, akaizamisha kwenye beseni la bluu, akapuliza hewa ndani kwa kimrija. Povu likitoka mahali, alipaweka alama kwa kalamu ya nta, akaitoa, akapaka silikoni, akaizamisha tena. Hakuitoa taa bandani mwake mpaka maji yatulie kabisa. Mafundi wengine walipaka gundi wakamwachia Mungu. Yeye alipima, na alipenda watu wajue kwamba anapima.

Ndiyo maana Jumatano ile, dada yake mkubwa alipoegesha basi dogo la shule mbele ya banda na kushuka bila kuzima injini, Beseni alihisi vibaya hata kabla hajaambiwa kitu.

"Habari za kazi, fundi," dada akasema.

Dada yake akimwita "mdogo wangu," mambo ni shwari. Akimwita "fundi," kuna kesi.

"Shikamoo, dada. Nzuri tu."

"Marahaba. Njoo huku nyuma uwaone samaki wako."

Ilikuwa taa ya kushoto. Mwezi mmoja na nusu nyuma dada alikuwa amerudi nyuma akagonga nguzo ya geti la shule, kioo kikapasuka kutoka juu hadi katikati. Basi lilikuwa la zamani na taa zake hazikuletwa tena. Muuza spea alikuwa na moja tu, iliyotumika, na panya walikuwa wameanza kuila. Kwa hiyo Beseni akauziba ufa. Baada ya wiki mbili maji yakaingia. Akafungua, akakausha, akaongeza silikoni, akapima. Maji yakaingia tena. Na sasa, mara ya tatu, yalikuwa yamesimama ndani ya kioo chekundu yakicheza taratibu kwa mtikisiko wa injini, na balbu ya breki ilikuwa imezima.

Fundi umeme wa banda la jirani, waliyemwita Fyuzi kwa hasira zake za karibu, akaja na kikombe chake cha chai kuangalia.

"Usimlaumu, dada," akasema. "Mwenzio kaamua kufuga."

"Wewe rudi kwenye nyaya zako," Beseni akamwambia.

"Nimerudi. Nakunywa chai huku nikiwa nimerudi."

Dada hakucheka. "Mkaguzi amenisimamisha juzi. Kanipa mpaka Ijumaa saa nne asubuhi nilipeleke gari. Taa ikiwa na maji, cheti sipati. Bila cheti, Jumatatu shule zinapofunguliwa watoto watapanda gari la mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine yupo. Keshafika mara mbili kumsalimia mwalimu mkuu, kavaa na tai."

"Unalioshea wapi hili gari?" Beseni akauliza. "Si unalipeleka kwenye zile mashine za presha?"

"Nalioshea nyumbani. Kwa ndoo na kitambaa."

"Maji ya presha yanapenya popote, dada."

"Nimesema kwa ndoo, mdogo—" Akajizuia. "Kwa ndoo, fundi. Wewe mwenyewe ndoo unaijua, ni ile ya mama."

Aliliacha basi na ufunguo, akaondoka kwa miguu. Hakugeuka nyuma, na Beseni, aliyelelewa na dada huyo tangu akiwa na miaka tisa, alijua maana ya mgongo ule.

Akaifungua taa. Yalitoka maji ya kujaza kikombe cha kahawa, ya rangi ya kutu. Akasugua soketi kwa msasa, akabadilisha balbu, akaianika taa juani mpaka alasiri. Alipoizamisha kwenye beseni na kupuliza, maji yalitulia kama maji ya kunawa yaliyosahauliwa. Si povu, si dalili ya povu. Akapuliza mpaka masikio yakaziba. Hakuna kitu.

"Haivuji," akamwambia Fyuzi.

"Sasa maji yanaingia kwa miguu?"

Akaifunga kwenye gari, akawasha taa zote za nyuma kwa saa nzima akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kisha akazima, akafunga banda, akaenda zake. Mvua haikunyesha. Hakuna aliyeliosha gari. Lakini Alhamisi asubuhi, alipofika na kuinama nyuma ya basi, kioo kilikuwa na ukungu ndani, na kwa chini matone yalikuwa yameanza kushikana.

Beseni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ukungu ulikuwepo vilevile.

Huo ulikuwa wakati wa kumlaumu mtu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake usiku kucha. Akalizunguka basi bila sababu, kama mtu anayetafuta alichosahau, akasimama mbele ya taa ya kulia.

Hakuwahi kuigusa taa ya kulia. Ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani, imepauka, pembeni ina mkwaruzo, na kwa ndani ilikuwa na vumbi. Karibu na balbu ya indiketa buibui alikuwa amefuma utando wake na kuondoka. Vumbi kavu. Utando mkavu. Miaka kumi na minane ya mvua, na ndani pakavu kama kabati la nguo.

Akaifungua kwa bisibisi, akaziba mashimo ya balbu, akaizamisha, akapuliza.

Povu lilitoka kwa fujo, mfululizo, kama sufuria inayochemka. Fyuzi aliyekuwa akipita akasimama.

"Hiyo ndiyo mbovu," akasema.

"Hii ndiyo nzima," Beseni akajibu polepole.

Kwa sheria ya beseni lake, taa ile ilitakiwa kuzibwa haraka kabla haijazama yenyewe. Akaitoa, akaigeuza. Povu lilitoka mahali pamoja tu: chini kabisa, nyuma, kwenye kijibomba kifupi cha plastiki kilichopinda kutazama ardhini. Tundu lake lilikuwa jembamba, la kupitisha sindano ya kushonea. Akaenda kwenye taa ya kushoto, akaifungua tena, akaigeuza. Kijibomba kilikuwepo mahali palepale. Juu yake palikuwa na tone la silikoni, limelainishwa vizuri kwa kidole kilicholowa. Alikitambua kidole hicho.

Alikaa kwenye kiti chake. Mambo yalijipanga yenyewe, moja baada ya jingine, bila kuulizwa. Balbu ikiwaka, hewa ya ndani inapata moto na kutafuta njia ya kutoka. Ikizimwa, taa inapoa na kuvuta hewa. Ikikosa kuvutia kwa chini, itavuta kwa juu, penye udhaifu wowote usioonekana hata kwenye beseni, na mvua ikiwa ipo itavutwa nayo; isipokuwepo, utavutwa umande wa usiku. Yakishaingia, maji hayana pa kutokea, kwa sababu fundi hodari ameketi na beseni lake akaziba mlango wenyewe. Beseni lilimwonyesha palipo na tundu. Halikumwambia kama tundu lina kazi.

Kilichomsumbua hakikuwa taa ya dada. Zilikuwa taa nyingine. Mkunga mwenye kigari cheupe aliyerudi mara mbili, akaambiwa anaegesha kwenye mteremko. Muoka mikate. Mwalimu wa hesabu, mtu mpole, ambaye walibishana mpaka mwalimu akaondoka akisema, "Basi, fundi, labda gari langu linalia." Watu walikuwa wamecheka siku ile, na Beseni alicheka nao.

Akachoma ncha ya sindano kwa kiberiti, akatoboa silikoni, akasafisha kijibomba mpaka akaona mwanga upande wa pili.

Mchana dada alikuja na chakula kwenye bakuli, kwa sababu kesi haimzuii mtu kula. Beseni alikuwa ameshaandaa maneno ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kwamba silikoni za siku hizi hazina ubora, kwamba plastiki ikizeeka hubadilika. Yalikuwa maneno mazuri. Akayaacha.

"Dada, mimi ndiye nilikosea. Ndoo ya mama haina kosa."

Akamwonyesha taa zote mbili, chini, tundu na tundu. Akamweleza kuhusu moto na kupoa. Dada aliinama akatazama, akauliza maswali mawili, akaingiza sindano mwenyewe na kuitoa.

"Yaani ulikuwa unaiziba pua," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi ukaniambia habari za presha."

"Ndiyo."

"Mbele ya Fyuzi."

"Nisamehe, dada."

Akamsogezea bakuli. "Kula, chakula kinapoa," akasema.

Tatizo lililobaki ni kwamba ukungu hauondoki kwa kuombwa msamaha. Ijumaa asubuhi walilipeleka basi pamoja, taa za nyuma zimewashwa mchana kweupe ili joto limalize kazi, Beseni akiwa kiti cha mwisho kabisa, amegeuza shingo kama anaweza kuona kupitia bati. Walipofika palibaki alama ya ukungu upana wa kifungo cha shati, kwenye kona ya chini ya kioo.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye ubao wa kuandikia na kalamu iliyofungwa kamba. Akamwambia dada akanyage breki. Zikawaka zote. Indiketa, kushoto, kulia. Akaita kijana mwenye mpira wa maji, maji yakapigwa kwenye taa mpaka yakatiririka kwenye bampa. Akachungulia ndani kwa tochi. Kisha akapitisha kidole chini ya taa, na kidole kikasimama.

"Hapa pana tundu," akasema. "Nyie mafundi wenu wanapaka gundi huku wanaacha kule. Hii itajaa maji wiki ijayo. Nenda kazibe, urudi mwezi ujao."

Beseni alifungua mdomo. Akashika komeo la mlango wa nyuma ashuke kueleza. Dada alikuwa ameshashuka.

"Samahani, mkaguzi. Pitisha kidole na kwenye ile ya kulia."

"Ya kulia haina shida."

"Ndiyo maana nakuomba upitishe."

Mkaguzi akaenda kulia, akapitisha kidole, akakiacha hapo.

"Ile haijawahi kufunguliwa na mtu mpaka jana, angalia utando wa buibui huo," dada akasema. "Ina tundu hilohilo, kimetoka nalo kiwandani hicho kijibomba. Taa ikipata moto inapumua kwa hapo. Ya kushoto ilizibwa, ikajaa maji mara tatu. Imezibuliwa jana. Huo ukungu unaouona ndio wa mwisho unatoka. Ukinywa chai ukarudi, hutaukuta."

"Nani kakwambia haya?"

"Aliyeziba."

Mkaguzi akamtazama mwanamume mwembamba aliyekuwa anashuka mlango wa nyuma, miwani imefungwa uzi. Hakwenda kunywa chai. Alikagua matairi, mikanda, honi, akamaliza magari mengine mawili, kisha akarudi na tochi yake. Alimulika kona ile ya chini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaandika, akagonga muhuri.

Walipofika kwenye mzunguko wa barabara, dada akapunguza mwendo.

"Nikushushe gereji, mdogo wangu?"

"Hapana. Nishushe kwa mwalimu wa hesabu. Yuko likizo, atakuwa nyumbani."

"Ulishampigia simu?"

"Nikimpigia atasema nisihangaike."

Akashuka kwenye kona. Hakuwa na sanduku la vyombo wala beseni. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye ukosi wa shati, na aliishika mara mbili kuhakikisha haijadondoka kabla ya kubisha hodi. Gari la mwalimu lilikuwa uani, limegeuzia mgongo geti, na hata kutoka pale nje aliweza kuona maji ndani ya taa, yamefika nusu.