Tuliporekodi Ukimya Njombe

Ukitaka kubisha, bisha mapema tumalizane, maana mimi sibembelezi mtu aniamini. Haya hayakumpata rafiki wa rafiki. Yamenipata mimi mwenyewe, nina akili zangu timamu, na nusura yaondoke na sauti ya mdogo wangu Eda.

Kazi yangu ni kurekodi bendi zikipiga laivu. Naishi Makambako, nina mikisa ya kuchanganyia sauti, maiki kadhaa na laptopu iliyong'oka vitufe. Eda ni mwimbaji wa bendi moja ya hapo kwetu. Hana shamba, hana duka, ana sauti. Akiimba, hata mimi niliyekuwa nachapwa kwa makosa yake utotoni namsamehe yote.

Siku hiyo tulipeleka vyombo Njombe, kwenye ukumbi wa kukodi, mchana kweupe. Kweupe nasema tu, kwa ukungu ule hata gari letu pale nje lilikuwa halionekani. Sasa nikueleze kitu cha kazi. Kabla bendi haijapiga, nawaambia wote wanyamaze, narekodi ukimya wa ukumbi. Kila ukumbi una uvumi wake: umeme, upepo kwenye bati. Baadaye naionyesha laptopu ule ukimya, naiambia, popote utakapoukuta huu, futa. Unabaki muziki msafi.

Nikanyoosha mkono, watu kimya. Ndipo nikamwona mzee kwenye benchi la nyuma, koti jeusi hadi magotini. Hakuwa amemsalimia mtu. Huku kwetu mtu anaingiaje ndani bila hata "kamwene"? Nilikereka, lakini nikajisemea ni mlinzi wa ukumbi, mwache ajikinge baridi. Alikuwa akimtazama Eda mdomoni, na midomo yake mwenyewe inacheza bila kutoa sauti. Taa za mikisa zikawa zinapanda na kushuka, kama vile kuna mtu anaimba kwenye maiki. Nilipomaliza kurekodi, benchi lilikuwa tupu.

"Yule mzee kaenda wapi?" nikauliza.

"Mzee gani, kaka? Hiyo njaa," Eda akacheka.

Basi, tukapiga muziki. Mwenzangu, Eda aliimba!

Kesho yake nikaketi nyumbani kusafisha ile rekodi. Nikachukua ule ukimya, nikabonyeza. Gitaa zikabaki, ngoma zikabaki. Mstari wa sauti ya Eda kwenye skrini ukalala tambarare. Nikavaa hedifoni: hata pumzi yake haipo. Nikajua laptopu imeanza ujinga wake. Kabla sijafanya lolote simu ikaita, mama.

"Njoo upesi! Eda alikuwa anaongea hapa, neno limekatika katikati. Mdomo unafunguka, hakitoki kitu. Mwanangu analia, analia bila sauti!"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Simu ingali mkononi nikasikia hodi mlangoni.

"Kaka, nifungulie. Ni mimi, Eda."

Mungu wangu, nilivyofurahi! Hata sikujiuliza amefikaje. Nikakimbia, nikafungua.

Alikuwa yule mzee. Koti lilelile. Akafungua kinywa chenye meno machache, ikatoka sauti ya mdogo wangu, tamu vilevile.

"Kaka, usirudishe. Nimekaa kimya miaka mingi mno. Niachie."

Nisikufiche, nilimwonea huruma. Lakini huruma gani na mdogo wangu yuko hivyo? Nikarudi mbio mezani kwenye laptopu. Kumbe naye yuko nyuma yangu, ananiimbia sikioni wimbo wa Eda, na niamini, sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Kidole kikawa kizito. Nilitaka amalize ubeti, ule mmoja tu. Unaona mtu anavyopotea? Nikafumba macho, nikabonyeza kurudisha.

Mstari ukajaa. Wimbo nyuma yangu ukakatika. Nilipogeuka, mzee alikuwa anatafuna hewa, machozi yanamtiririka, akajikokota akatoka nje. Kwenye simu, ambayo hata sikuwa nimeikata, nikamsikia Eda anapiga yowe na mama anamshukuru Mungu.

Eda anaimba hadi leo. Aliyeharibika ni mimi. Juzi mvua ilimkuta mlangoni kwangu, anagonga, "Kaka, nalowa mwenzio!" na mimi nimesimama ndani, mkono haufiki kwenye kitasa. Ilibidi azunguke dirishani ndipo nikauona uso wake. Alikuwa amelowa chapachapa. Hakunisemesha hadi anaondoka, na iliniuma, lakini nifanyeje?

Nanyi mnaorekodi, kabla hamjanyamazisha watu tazameni nani yupo ukumbini. Asiyesalimia mtoeni, hata kama ni mzee, hata kama nje kuna baridi. Na ukiitwa mlangoni na sauti unayoipenda, usikimbilie kufungua. Chungulia kwanza. Mimi siku hizi nachungulia hata akija mama.