Hapana ya Pili

Kiingereza cha yule mama wa Kiirani kilikuwa kama kabati lililojaa nguo nzuri ambazo hazijapangwa. Maneno mazito ya kamusi alikuwa nayo, mengine mimi mwenyewe sikuwahi kuyasikia, ila hakujua lipi huvaliwa na lipi. Chai iliyokolea aliiita chai yenye rangi nyingi, kama wanavyosema kwao. Mwanawe, jirani yangu pale mjini Irving, Marekani, miaka ya tisini ikielekea mwisho, ndiye aliyemleta baada ya mama huyo kufiwa na mumewe. Kwao alikuwa mwalimu wa hesabu. Hapa alitaka kupita mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya juu ili afundishe tena, na mimi, Mkenya niliyechapwa viboko shuleni kwa ajili ya Kiingereza hicho hicho, nikajitia ualimu.

Jumamosi mchana alikuja jikoni kwangu na birika lake. Tulicheka sana. Tuligundua kwamba kwao, kama kwetu, simu hupigwa na kiapo huliwa. Kiingereza peke yake ndicho kisichojua kupiga wala kula. "Basi sisi wawili ndio tuko sawa," alisema, "hawa wengine wamekosea." Kila nilipomfundisha neno aliniambia, "Nipe mfano, dada." Hakuliamini mpaka alione ndani ya sentensi.

Kiburi cha ualimu kikaniingia. Nilimwambia aache kamusi asikilize watu, redioni, dukani kwenye foleni, na hasa nyumbani, kwa sababu mke wa mwanawe alikuwa Mmarekani na alizungumza haraka. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea nikijua. Nilikuwa nimeshamsikia mwanawe kwenye baraza akimlalamikia mkewe kwa Kiingereza juu ya mama yake, na mama mwenyewe amekaa papo hapo anawatabasamia. Alidhani wanamsifu. Nami wiki baada ya wiki nikawa namnolea masikio.

Jumamosi moja hakumimina chai. Aliniuliza maana ya maneno fulani aliyoyasikia kwa mwanawe, maneno ambayo kila moja alilijua likiwa peke yake. Yakikaa pamoja, maana yake ni kwamba mgeni amekaa mpaka amewachosha wenyeji. Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia, macho yangu yakiwa mezani.

"Nipe mfano," akasema.

Nikazungusha kikombe changu kitupu. Akautunga mwenyewe polepole, kila neno mahali pake: mama amekaa kwa mwanawe mpaka amewachosha wenyeji. Akaniuliza kama ni sahihi. Nikasema ni sahihi, mama.

Uchungu ulinishika, nikajikuta nasema, "Njoo ukae kwangu. Chumba kipo." Na kilikuwepo kweli, binamu yangu aliyekuwa akikilalia alikuwa amehamia mji wa DeSoto.

"Hapana, dada. Nitakusumbua."

"Hutanisumbua, mama. Njoo tu."

"Hapana. Una kazi nyingi."

Sasa, watu wa kwao hawakubali kitu mara ya kwanza wala ya pili, ndiyo adabu yao. Hata biskuti nilikuwa namsogezea sahani mara ya tatu ndipo achukue, na alichukua kwa furaha kabisa. Kwa hiyo nilijua vizuri sana zamu ilikuwa ya nani. Alikuwa ameweka mikono mapajani, ananitazama. Lakini mimi nilifanya kazi kule Euless katika nyumba ya kulea wazee. Kutwa nzima nawaogesha, nawalisha, nawabembeleza wanywe dawa. Nikifungua mlango wangu jioni nilitaka kukuta kimya. Niliyawaza haya yote kwa muda mfupi sana, kisha nikainuka kwenda kuongeza maji kwenye birika. Niliporudi mezani tuliendelea na somo.

Hata mwezi haukuisha, akahamia Houston kwa mwanamke mmoja wa kwao, fundi wa kushona nguo. Mwanawe aliniambia kwenye ngazi kwamba mama amependa joto la huko. Nilipompigia simu, Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alinishukuru kwa masomo, akaniulizia afya na kazi. Nikamuuliza kama anaishi vizuri na huyo mwenyeji wake.

"Vizuri sana," akasema. "Nilimkatalia, lakini alinisihi mara tatu."

Sidhani alisema ili anichome. Nilimwambia nimefurahi. Baada ya kukata simu nilienda kukaa katika kile chumba, ambacho nilikuwa nakitumia kuanikia nguo tu, nikaona aibu ambayo sijaimaliza hadi leo.