Pamba ya Shangazi Minza

Lori la pamba likipita Somanda wakati wa msimu, huacha nyuma yake harufu ambayo hata moshi wa bodaboda hauwezi kuifuta: harufu ya vumbi lililopigwa jua na mbegu zenye mafuta. Nikiisikia husimama kidogo, hata kama nina haraka. Mnivumilie niwaeleze kwa nini.

Nilikulia kijiji cha jirani na Dutwa. Aliishi nasi dada yake baba, Shangazi Minza, ambaye ugonjwa wa utotoni ulimpoozesha miguu yote miwili. Alisogea kwa mikono, akijikokota. Shambani hakufika, wala kisimani, wala kanisani siku za tope. Lakini pamba ilipovunwa, kijiji kilimfuata yeye.

Siku hizo chama cha ushirika kilikataa pamba iliyochanganywa. Nyeupe ilikaa peke yake, na fifi, yaani ile yenye madoa iliyoharibiwa na wadudu, peke yake. Shangazi alikaa uani juu ya ngozi ya ng'ombe, na wanawake wa jirani walileta mizigo yao wachambue pamoja naye, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi na ulimi wake haukuwa mzito. Habari za kijiji nazo zilipita pale zikachambuliwa: safi huku, fifi huku. Zile fifi ndizo zilizochukua muda mrefu. Sisi watoto tukisogea sana, alitufukuza: "Masikio yenu hayajakomaa. Nendeni mkaangalie ndama."

Jioni alinawa, akanyoosha mgongo na kusema, "Leo tumefanya kazi." Hakuna aliyembishia, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kisha ikaja biashara huria. Redio ya baba ilikuwa imelitaja neno hilo mpaka tukalizoea bila kulielewa. Msimu mmoja wanunuzi binafsi wakaweka mizani yao senta ya Dutwa, na habari ikaenea kwamba hawachagui, wananunua yote. Wanawake wakawa wanatoka shambani na kupita mbele ya nyumba yetu moja kwa moja, mizigo kichwani. "Mwadila, mayu," walimsalimia, wakaendelea. Mama Kulwa, rafiki yake mkubwa, ndiye pekee aliyesimama.

"Minza, nitarudi tuongee. Hawa watu hawakawii kufunga mizani."

Hakurudi siku ile.

Shangazi akachambua pamba yetu peke yake. Baba hakuwa na moyo wa kumkataza. Siku ya kuuza, akaomba apelekwe. "Nataka kuiona ikipimwa," alisema. Baba akamkalisha kwenye keria ya baiskeli, akamfunga kwa kanga asianguke, mama na mimi tukafuata na mizigo.

Kijana wa mizani akapima gunia la nyeupe, akapima la fifi, kisha akayamwaga yote mawili kwenye rundo moja.

"Ile ilikuwa safi," Shangazi alimwambia kwa upole. "Hii ni fifi."

"Kwetu yote ni pamba, mama," kijana alijibu, bila ubaya wowote, akamwita anayefuata.

Baba alicheka kidogo, kama mtu anayeomba radhi. Shangazi akamgeukia.

"Nirudishe nyumbani," akasema.

Msimu uliofuata hakutoka tena kukaa uani. Tulimtunza vizuri, mjue hilo. Hakulala njaa wala hakusikia neno baya. Baadaye aliomba kuhamia Lamadi kwa mdogo wake, akafariki huko kabla sijamaliza shule. Mama Kulwa alilia kuliko sisi.

Nilikua nikiamini kwamba shangazi yangu alivunjwa moyo na pamba. Miaka mingi baadaye, tukipepeta mpunga, mama aliacha ungo ghafla.

"Huu Minza angeweza kuuchambua," alisema. "Na karanga. Na maharage. Wenzake wangekuja tu, kama zamani. Kazi hazikuisha hapa nyumbani. Hatukufikiri kumpa."

Tulimpa chakula, tukampa blanketi zito, tukamwambia kwa upendo kwamba sasa apumzike. Hakuwa amechoka.