Laptop Iliyonipasha Joto Hadi Matwebe

Nilisafiri kwa sababu ya macho ya mama mdogo. Mama mdogo Subilaga anaishi Matwebe, na macho yake yanafifia mwezi hadi mwezi. Mjukuu wake Tumpe amezaliwa Ujerumani, ana miaka mitatu sasa, na bibi hajawahi kuiona sura yake. Kwenye simu anaona kivuli tu. Nikasema basi, nakuja na laptop yangu yenye kioo kikubwa! Atupele, binti yake na mama yake Tumpe, akatuahidi Jumamosi saa sita mchana, kabla hajaingia zamu.

Saa mbili asubuhi, nyumbani kwangu Msasani, mtaa wa hapa Tukuyu. Betri ilikuwa asilimia mia. Nikaifunika laptop ilale, nikaiviringisha kwa kitenge, nikaitia kwenye mkoba na kuupakata kifuani ndani ya koti, maana mvua ya Tukuyu haina habari na mtu.

Njiani, juu ya bodaboda, baridi ilinitafuna magoti na masikio, lakini kifua changu, jamani, kilikuwa raha tupu! Mkoba ulitoa joto kama sufuria ya ndizi iliyoepuliwa sasa hivi.

"Dada, mbona unacheka peke yako?" dereva akauliza.

"Nimebeba jiko!" nikamjibu, nikazidi kuukumbatia. Sikujiuliza hata mara moja kitu kilicholala kinapata wapi moto.

Saa tano na nusu, Matwebe. Mama mdogo alikuwa ameshavaa gauni la kanisani na kilemba kipya. Nikafunua laptop. Asilimia tisa! Na umeme ulikuwa umekatika tangu jana. Machozi yakanitoka, sifichi.

"Mama mdogo, betri imekwisha, tuna dakika chache mno. Leo tuache salamu, umwone mtoto tu."

Akanigeukia taratibu. "Tuache salamu? Mwanangu, mimi mwizi, niingie kwa watu kimyakimya?"

Saa sita kamili nikaunganisha intaneti ya simu, Atupele akatokea.

"Mugonile, mama!" akaamkia kwa Kinyakyusa.

Mama mdogo akaanza. Hujambo wewe, mumeo je, mama mkwe, kazi, baridi ya huko, ng'ombe…

"Huku hatuna ng'ombe, mama."

"Haya, na majirani?"

Asilimia nne. Tatu. Nilikuwa nacheka huku nikiikodolea macho betri.

"Mama, mjukuu wako anataka kukusalimia," Atupele akasema. Tumpe akasogea mbele ya simu, na kwa vile amefunzwa vizuri, akachuchumaa kama wanavyosalimia watoto wa kwetu. Akatoweka kabisa! Tukabaki tunautazama ukuta wa Ujerumani.

"Inamisha simu, Atupele! Inamisha!" nikapaza sauti.

Picha ikashuka. Uso wa mviringo ukatutazama kutoka chini.

"Mugonile, bibi."

Kioo kikawa cheusi.

Nilishika kichwa. Hapo hapo simu yangu ikaita. Ni Atupele, anacheka hadi pumzi inamkatika: "Mwambie mama aitikie! Huyu bado amechuchumaa, amekataa kuinuka mpaka bibi aitikie!"

Mama mdogo akaipokea simu kwa mikono miwili. "Ndaga, Tumpe. Ndaga, mwanangu. Inuka sasa."

Kisha akaniambia, "Ana pua ya marehemu babu yake. Nimeiona." Tukacheka, tukalia, tukala ndizi.

Saa kumi jioni, Tukuyu. Nilipitia kwa fundi wa kompyuta karibu na soko, nikamsimulia. Akaibonyezabonyeza, akatikisa kichwa.

"Uliifunika bila kuzima waifai. Njia nzima ilikuwa inatafuta mtandao, haikulala hata kidogo. Lile joto ulilolifurahia ndiyo betri yako iliyokuwa inaisha."

Siku hizi kabla ya safari naizima kabisa, nasubiri mpaka taa yake izimike, ndipo naifunika.

"Pole, dada," fundi akasema akinirudishia mkoba. "Umekwenda bure mpaka Matwebe."

"Bure?" nikamwambia. "Mtoto kasalimia, na bibi kamwona."