Maziwa Yanapanda Boda, Mimi Natembea

Mtu akisikia unatoka Eldoret, mji wa wakimbiaji, anakutazama miguu. Mimi nimetazamwa miguu kwenye harusi, kwenye matanga na kwenye foleni ya benki, na wote walionitazama walikata tamaa. Nimeishi hapa mtaa wa Kapsoya miaka ishirini na kitu, na mbio nilizokimbia ni za aina moja tu, za kuanua nguo mvua inapokuja.

Nina duka la sare za shule. Hiyo ni kazi ya kukaa. Unakaa, mzazi anaingia, unanyoosha mkono unavuta sweta, anampimia mtoto, mnabishana kidogo, unakaa tena. Kwa hiyo daktari aliponifunga ile mashine mkononi, akatazama namba, kisha akapima mara ya pili, nilijua si kuharibika kwa mashine. Alisema presha imepanda. Akanipa miezi mitatu nipunguze chumvi, sukari, mafuta na mikate, na niusongeshe mwili, halafu turudi tuone kama nitaanza dawa.

"Si lazima ukimbie, Mama," akasema, baada ya kunitazama miguu. "Tafuta kitu unachokipenda."

Nilitoka pale na woga, na haukuwa woga wa dawa. Mama yangu alikuwa na presha akaificha, na siku moja akaanguka akifua nguo. Alilala miaka minne. Nilimgeuza kitandani, nikamlisha uji kwa kijiko, nikamwosha. Alikuwa mtu wa kujisitiri sana, na kila nikimwosha alifumba macho mpaka nimalize. Mimi nina binti mmoja. Sitaki siku moja nifumbe macho mbele yake.

Sikumwambia mtu. Huku kwetu ukisema Jumatatu kwamba unaumwa, Jumapili umeitwa mbele uombewe, na wiki inayofuata wanaulizana duka utamwachia nani.

Basi nikaanza kutafuta hicho kitu ninachokipenda. Nikaanza na kati, ule mchezo wa watoto wa ploti, pale uani kwetu, wawili wanarusha mpira wa soksi na aliye katikati anakwepa. Siku ya kwanza nilipigwa mgongoni kabla sijajua mchezo umeanza. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nakwepa, na nabishana nao vizuri kabisa, ati huo haujanigusa, umegusa leso tu. Ndani ya nyumba nikaacha ule mti wa kupigia deki, nikarudia kitambara na kuinama, redio ikiwa juu, kiuno kikijibu. Sakafu yangu haijawahi kung'aa hivyo.

Lakini kilichonishika kabisa ni maziwa. Zamani nililetewa mlangoni. Sasa nikaamua kuyafuata mwenyewe Munyaka, mtaa wa jirani, kwa mama mmoja anayefuga ng'ombe watatu. Natoka kukipambazuka na mkebe wangu, baridi ikining'ata masikio. Wakimbiaji wananipita kwa makundi. Hawaongei, nasikia viatu na pumzi tu, halafu wameisha. Nilizoea kuwaambia, "Nyinyi polepole, mtaniacha." Siku moja mmoja wao alicheka mpaka akapoteza mwendo, nikaona raha wiki nzima. Nikifika Munyaka namsalimia mama na ng'ombe wake, napewa umbea wa usiku uliopita, narudi. Ile safari nilianza kulala nikiingojea.

Tatizo ni moja. Asubuhi barabarani kuna watu wa miguu wa aina mbili, anayekimbia kwa sababu ni kazi yake, na anayetembea kwa sababu hana nauli. Mimi sikimbii. Mwenye duka anapita na mkebe kila siku, pikipiki za boda boda zimejipanga pale steji hazina abiria, na hapandi. Watu wakaanza kujiuliza, na wakajiuliza mpaka kanisani.

Jumamosi moja wakabisha hodi akina mama sita wa kikundi chetu cha kanisa. Mbele yao mwenyekiti, mama wa vicheko vikubwa, rafiki yangu tangu nilipohamia Kapsoya. Wakaomba kwanza. Kisha wakaanza kutoa vitu kikapuni: sukari, mafuta ya kupikia, mikate miwili mikubwa, chumvi. Vyote nilivyokatazwa vikapangwa mezani kwangu, kwa upendo.

"Ungetuambia," mwenyekiti akasema, akinishika mkono. "Biashara hupanda na hushuka. Hakuna aibu." Na la mwisho, akasema, wameshazungumza na mtu wa boda boda, wamemlipa mwezi mzima, awe ananipeleka Munyaka na kunirudisha kila asubuhi. "Hutatembea tena."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nilifungua mdomo, nikasema asante. Afadhali wanione maskini kuliko kuniona mgonjwa, na hilo lilinishangaza hata mimi.

Siku mbili nilipanda. Nilishuka Munyaka nimekauka kwa baridi, sijatoa hata jasho la kidole, na usiku nikamwota mama yangu akifua. Siku ya tatu nikamwambia yule wa boda boda arudi akalale. Akakataa. Ni mtu mzima, ndevu zake zina mvi, na anajua anachokiamini.

"Mama, nimelipwa na watu wa kanisa," akasema. "Siwezi kula bure. Lazima nibebe kitu."

Tukatazamana, tukautazama mkebe. Akaufunga kwenye kiti cha nyuma kwa mpira, vizuri, kama abiria. Tukaanza safari, yeye mbele taratibu huku pikipiki ikikohoa, mimi nyuma nikipunga mikono. Akisahau akaongeza mwendo, namgombeza. Ndivyo tulivyoenda karibu wiki mbili, na hata wale wakimbiaji wasioongea wakaanza kuusalimia mkebe.

Mwenyekiti alituona siku ya Jumanne. Alikuwa amesimama kando ya barabara akingoja gari la kwenda mjini, amevaa vizuri, mkoba begani. Mkebe ukampita ukiwa umepanda. Kisha nikatokea mimi, kwa miguu, nikihema.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kwani sisi tulimlipia mkebe?"

Nilicheka. Nikamwambia yote pale pale. Kwamba nina presha, ile ile ya mama. Yeye alimjua mama yangu. Ile miaka minne, kila Alhamisi alikuja kunisaidia kumgeuza na kubadilisha shuka. Nikamwambia nimeogopa, na kwamba kutembea ndiko kunakonipa usingizi, na kwamba naomba msamaha kwa ajili ya sukari.

Nilidhani ataniombea hapo hapo barabarani, kwa sauti. Hakuomba. Aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake vya kwendea mjini.

"Mimi nilipimwa mwezi wa pili, nikakutwa nayo," akasema. "Hata mzee wangu hajui."

Gari la mjini likaja likapiga honi. Akalipungia mkono liende. Yule wa boda boda alikuwa amesimama mbele kidogo, mguu mmoja chini, akitungoja. Mwenyekiti akamfuata, akavua mkoba begani, akauning'iniza kwenye mkebe wangu wa maziwa.

"Beba na huu," akamwambia. "Na usituharakishe."