Sukari ya Bi Pasi

Bi Pasi na wifi yake walichukiana kwa bidii, bila likizo. Vita vilianza siku wifi huyo, dada wa mumewe, aliporudi na talaka na sanduku moja akapewa chumba cha uani. Jiko lilikuwa moja na wenye jiko wawili. Mume mwenyewe, fundi wa kupaka rangi nyumba za watu, alijifanya kiziwi. Wapiganapo tembo huumia nyasi, na nyasi pale ilikuwa ni yeye.

Jina la Bi Pasi alipewa na wateja wa dobi. Alinyoosha nguo katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kwenye mvuke na harufu ya wanga wa kola. Aliingia alfajiri na kutoka jua likishazama. Vifundo vya mikono vilipoanza kuvimba kwa uzito wa pasi, muuza dawa wa kona alimuuzia vidonge vidogo vyeupe, vimekunjwa kwenye karatasi, havina boksi wala jina. Vitamini ya mifupa, alimwambia. Wiki haijaisha, maumivu yakatoweka. Aliviweka mfukoni mwa aproni, akanunua vingine na vingine, na nyumbani hakusema neno. Afe kuliko wifi ajue kwamba mikono inamuuma.

Baadaye akaanza kula kama aliyetoka kufungwa. Uso ukawa wa mviringo, wateja wakamsifu kwamba amenawiri. Wifi, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na pazia, alimtazama kutoka mlangoni akasema hajanawiri, amevimba. Kikafuata kiu, na safari za chooni zisizokwisha. Zahanati wakampima wakakuta sukari iko juu mno.

Bi Pasi hakushangaa sana, alikasirika. Kwao hakuna aliyewahi kuugua sukari, na chai yake aliinywa bila sukari tangu ujana. Chakula cha jioni nani anapika? Wifi. Kikulacho ki nguoni mwako, alimwambia mumewe, na kwa sauti, ili aliyeko uani asikie vizuri. Akaacha kula chungu cha nyumbani, akafunga sufuria yake kwa kufuli. Sukari ikazidi kupanda, naye akaamini kwamba hata kufuli limefunguliwa. Mwisho alimbana mume: achague, dada au mke. Mume akazungukazunguka, kisha akaahidi kwamba daktari akisema tatizo ni chakula, dada yake atafungasha siku hiyohiyo.

Daktari alikuwa amemwagiza arudi na kila anachokula na kila dawa anayotumia. Bi Pasi akajaza kikapu kama anayekwenda mahakamani: unga, chumvi, mchuzi wa jana kwenye kopo. Akataka na mshtakiwa awepo. Wifi alivaa nguo zake nzuri akaja, maana hakuwa mtu wa kukimbia ugomvi.

Daktari, mwanamke mwenye macho ya uchovu, hakukigusa kikapu. Aliutazama uso wa Bi Pasi, akabonyeza nundu laini iliyoota nyuma ya shingo, akamwuliza michubuko ya mikononi imetoka wapi. Kisha akauliza dawa. Bi Pasi akasema hatumii dawa yoyote.

"Zimo mfukoni mwa aproni aliyovaa," wifi akasema. "Anakunywa akidhani sioni."

"Zile ni vitamini," Bi Pasi akafoka. "Na wewe koma kunichungulia!"

Daktari akanyoosha mkono, akaomba hizo vitamini. Alivigeuza vidonge, akakunja uso, akaagiza damu ichukuliwe.

Majibu yalipotoka, walikuwa wamekaa benchi moja na mume katikati. Daktari aliwaeleza taratibu. Juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza homoni ya kuusaidia mwili kuhimili misukosuko. Vidonge vile vina dawa inayofanya kazi kama homoni hiyo, tena kwa wingi. Vinatuliza uvimbe, ndiyo, lakini vinaliamuru ini limwage sukari, na vinaufanya mwili usiisikie insulini inayotakiwa kuishusha. Homoni ya mwili wenyewe imekutwa chini kabisa, tezi zimelala. Vitamini D nayo imekutwa chini, kwa mtu asiyeliona jua hilo si ajabu. Upungufu huo huonekana sana kwa wenye sukari, alisema, ila hawezi kuapa kwamba ndio unaoileta. Kwa vidonge hana shaka.

"Na chakula?" mume akauliza.

"Hakuna aliyemtilia kitu. Amejitilia mwenyewe."

Bi Pasi aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Wifi alikuwa akitazama ukuta, na hilo lilimuudhi kuliko kama angecheka.

Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Vidonge haviachwi ghafla, tezi zilizolala zinaweza kumwangusha mtu akafa. Vitapunguzwa kidogo kidogo, na dawa ya sukari juu yake. Daktari alijua maumivu yakirudi mgonjwa ataongeza mwenyewe, akataka karatasi ya vidonge ishikwe na mtu mwingine. Mume hushinda kwenye ngazi za watu. Akabaki mmoja. Bi Pasi akakataa, akasema heri afe, na daktari akamjibu kwamba hilo linawezekana.

Wifi akakaa na vidonge chumbani kwake. Kila asubuhi Bi Pasi alisimama uani kiganja wazi, akawekewa, akameza, bila salamu. Maji ya kumezea alijichotea mwenyewe. Kuomba radhi hakuomba, na kuombwa hakuna aliyetaka.

Walipofikia nusu kidonge, vifundo vilirudi kwa hasira. Jioni alishindwa kufungua mlango wa uani kwa mikono, akausukuma kwa bega, akamkuta wifi akikunja nguo.

"Wifi, niongeze. Kidogo tu."

"Umeshapewa ya leo."

"Nakuchukia."

"Najua. Nusu nyingine ni kesho."

Bi Pasi akakaa chini palepale mlangoni akalia mbele yake, akampa raha ambayo miaka yote hiyo alikuwa amemnyima.